Kuwahi FAFSA kabla pesa hazijaisha

Fomu ya FAFSA, ile ambayo mwanafunzi wa Marekani huombea msaada wa fedha za chuo, yenyewe haina urefu wa kutisha. Mwanafunzi mwenye karatasi zake mezani na mzazi wake kando anaimaliza jioni moja. Niliijaza kwa ajili yangu nilipokuwa chuoni, nikaijaza tena na wadogo zangu, na sasa kila msimu nakaa na familia za hapa Texas zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimepitia kambi za wakimbizi kama sisi. Katika miaka yote hiyo sijaona mtoto aliyekosa pesa za chuo kwa sababu maswali yalimshinda. Waliokosa, walikosa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusubiriwa. Baba hajatoa idhini. Mama hajafungua akaunti. Mjomba hana hakika kama kwenye fomu yeye ni mzazi au la. Ofisi ya chuo imeomba karatasi na hakuna aliyeuona ujumbe. Siku ya mwisho inapita na fomu iko tayari, imebaki sahihi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo nikiulizwa dedlaini ni lini, huwa sijibu hapo hapo. Nauliza kwanza: nyumbani nani anahusika na fomu hii, na karatasi zenu anazitunza nani?

Hata hivyo tarehe zenyewe lazima zieleweke, maana hapo ndipo watu wengi wanapojipa moyo bure. FAFSA ni fomu ya serikali ya shirikisho ya Marekani. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya mtoto kuingia darasani, na serikali huendelea kuipokea mpaka tarehe 30 Juni mwaka huo wa masomo unapoisha. Kwa mwaka wa masomo wa 2025–26, mwisho ni 30 Juni 2026. Mzazi akisikia hivyo anaona muda uko tele. Kumbe hiyo ni tarehe ya mwisho wa mwisho, ya mtu ambaye tayari ameshasoma mwaka mzima na anaomba pesa za nyuma. Jimbo lina tarehe yake, na kila chuo kina tarehe yake. Hapa Texas vyuo vya umma kwa kawaida huwapa kipaumbele waliowasilisha kufikia 15 Januari. California wanaotaka Cal Grant, ruzuku ya jimbo hilo, huangalia 2 Machi. Indiana ni 15 Aprili. Illinois hakuna hata siku ya kuiegemea: ruzuku yao ya MAP hutolewa mpaka fungu liishe, na anayekuja baada ya hapo anaambiwa pole. Vyuo binafsi vingi vinataka fomu ya pili, CSS Profile ya College Board, na kwa wanaoomba nafasi mapema hiyo inaweza kuhitajika mwezi Novemba.

Katika tarehe zote hizo, ya mtoto wako ni ile inayotangulia. Mtoto akiomba vyuo sita, achukue tarehe ya chuo chenye haraka kuliko vyote, na hiyo ndiyo iandikwe ukutani.

Kuna jambo jingine ambalo sikulielewa mpaka nilipoketi na mtu wa ofisi ya msaada wa fedha akanieleza taratibu. Pesa hizi haziko aina moja. Ruzuku ya Pell ya serikali ya shirikisho, ambayo kiwango chake cha juu kwa 2025–26 ni dola 7,395, haimalizwi na waliotangulia. Ukistahili, unaipata hata ukijaza Machi. Lakini ile ruzuku ya nyongeza iitwayo FSEOG, kuanzia dola 100 mpaka 4,000 kwa mwaka, hugawiwa na chuo kutoka kwenye fungu ambalo chuo kimepewa, na likiisha limeisha. Nafasi za kazi za wanafunzi zinazolipwa na serikali ni hivyo hivyo. Fedha za chuo chenyewe pia. Nimewaona vijana wawili wa mtaa mmoja, wazazi wao wakifanya kazi kwenye ghala moja kwa mshahara uleule, wakaingia chuo kimoja. Mmoja aliwasilisha Oktoba, mwenzake Aprili. Barua zao za msaada hazikufanana hata kidogo, na yule wa Aprili akalifunika pengo hilo kwa mkopo. Umaskini wao ulikuwa sawa kabisa.

Sasa nirudi kwa watu, maana ndiko kazi iliko.

Mdogo wangu alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, fomu ilikuwa imebadilishwa. Siku hizi kila mzazi anayehusika hualikwa kwenye fomu kwa akaunti yake mwenyewe, na lazima atoe idhini ili taarifa zake za kodi zichukuliwe moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Bila idhini hiyo mwanafunzi hapati senti ya serikali ya shirikisho, hata kama kila kitu kingine kimejazwa sawasawa. Hata mzazi ambaye hakuwasilisha ritani ya kodi anatakiwa kuitoa. Baba alikuwa anafanya kazi ya usiku. Nilimsubiri asubuhi, akaingia, akavua viatu vya kazi vile vyenye chuma mbele, akakaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona hujaenda kazini?"

"Nimeomba ruhusa. Fomu ya chuo ya mdogo wangu inakuhitaji wewe."

"Mimi nasoma chuo?"

"Hapana baba. Wanataka idhini yako waone taarifa za kodi."

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza maswali mawili ambayo tangu siku hiyo nimeyasikia kwa karibu kila mzazi: "Chuo kinataka mshahara wangu cha nini? Na nikitia sahihi, deni linakuwa la nani?"

Wapo vijana wanaoona maswali haya ni ushamba. Mimi siyaoni hivyo, na nawaomba wasiyaone hivyo. Baba ametia sahihi karatasi za watu wakubwa maisha yake yote. Kambini Nyarugusu, kule Tanzania, kosa la herufi moja kwenye faili la familia liliweza kukuweka miaka mingine ukisubiri. Mtu aliyeishi hivyo akiombwa afungue taarifa zake zote kwa kubonyeza kitufe, ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa kwa utulivu. Tulisoma ukurasa wote wa idhini, sentensi moja moja, mimi nikimfasiria. Nikamwonyesha kwamba FAFSA haimfanyi mzazi kuwa mdaiwa wa chochote. Mkopo wa mwanafunzi, ukikubaliwa, husainiwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye mkataba mwingine. Mkopo wa mzazi upo, lakini ni ombi tofauti ambalo halimjii mtu asipoliomba. Akaniuliza lile la deni tena, kwa maneno mengine. Nikajibu tena. Kisha akasema, "Haya, leta simu."

Ninalowaambia familia ni kwamba mazungumzo haya yafanyike wakati wa kiangazi, hakuna anayekimbizwa. Siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho mtoto anakuwa na wasiwasi, sauti inapanda, na mzazi akisikia haraka anazidi kushuku. Anza na swali la deni hata kama hajaliuliza. Likishatulia hilo, mengine huenda.

Halafu kuna akaunti yenyewe ya StudentAid.gov, tovuti ya serikali ambako FAFSA hujazwa. Mwanafunzi anayo yake na mzazi anayo yake, na kila akaunti inataka barua pepe na namba ya simu ambayo haijatumika kwenye akaunti nyingine. Watoto wetu wamezoea kuwa makarani wa nyumba, kwa hiyo wengi huifungua ya baba kwa barua pepe yao wenyewe, kisha wanapofika kwenye ya kwao wanakwama. Na kisheria mzazi anatakiwa aifungue mwenyewe. Mtoto akae pembeni, asome kwa sauti, baba au mama abonyeze. Kama mzazi hana barua pepe, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabisa, na neno la siri liandikwe kwenye daftari linalokaa ndani ya nyumba. Mwakani litahitajika tena, maana FAFSA hujazwa upya kila mwaka wa masomo.

Jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye akaunti hulinganishwa na kumbukumbu za Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani. Hapa familia zetu huumia kuliko wengine. Mtu alitoka kwao na majina matatu, kambini yakaandikwa mawili, alipofika uwanja wa ndege wa huku la ukoo likawa la kwanza, na shuleni mwalimu ameandika lake. Tarehe nayo ndiyo zaidi. Wakimbizi wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikuwa na cheti waliandikiwa 1 Januari, na nimekaa na familia ambayo baba, mama na mtoto wote wanasherehekea siku moja kwenye karatasi. Mama mmoja, mtu makini sana, alijaza siku aliyozaliwa kweli, ile anayoijua kwa sababu mama yake alimwambia. Mfumo ukamkataa. Akajaribu tena na tena akidhani amekosea kubonyeza. Nilimwomba atoe kadi yake ya Social Security na kadi ya ukaazi, tukaziweka mezani, tukaandika kama zilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Akasema, "Kwa hiyo serikali inanijua mimi kuliko mama yangu?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Kurekebisha tarehe kwenye kumbukumbu za serikali kunawezekana, ila ni safari ndefu yenye ofisi zake, na si ya kuianza Januari wakati mtoto ana tarehe za vyuo. Ulinganishaji huo ukikwama unaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo akaunti zifunguliwe kabla ya Oktoba, zikae tayari.

Mzazi asiye na namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti na kutoa idhini. Njia yake ya kuthibitishwa ni nyingine na mara nyingi huchelewa zaidi. Huyo ndiye wa kuanza naye, kabla ya wote.

Kuliko yote, swali linalokula muda ni la nani mzazi. Kwetu mama mdogo ni mama. Mjomba aliyekulea ndiye mzee wako, na kumwita kitu kingine mbele za watu ni utovu wa adabu. FAFSA haihesabu hivyo. Kwa fomu hiyo mzazi ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria, pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Mjomba, shangazi, bibi, kaka mkubwa, hata kama wamekulisha tangu una miaka minne, mapato yao hayaandikwi sehemu ya mzazi isipokuwa walikuasili. Na mwanafunzi aliye chini ya miaka 24, asiyeoa, asiye na mtoto anayemtegemea, kwa kawaida huhesabiwa kuwa chini ya wazazi, awe anaishi nao au la.

Binti mmoja alikuja na mama yake mdogo, wote wamevaa vizuri kama wanaenda kanisani. Mama mdogo alikuwa na bahasha ya karatasi zake zote za mshahara, tayari kuzitoa. Nilipowaeleza kwamba yeye hatakiwi kuandikwa, alikunja uso. Alidhani ninamwambia yeye si kitu kwa mtoto. Ilibidi niweke kalamu chini nimweleze polepole kwamba hakuna anayemwondolea mtoto, kwamba kumwacha nje ya fomu kunamsaidia huyo binti. Wazazi wa binti walikuwa wamefariki wote wawili. Sheria inasema kama wakati wowote tangu ulipotimiza miaka 13 umekuwa huna mzazi aliye hai, unajaza kama mtu anayejitegemea, na hakuna mapato ya mtu mwingine yanayohesabiwa. Akajaza, akawasilisha, ikaisha upesi kuliko ya mwanafunzi yeyote niliyekaa naye mwaka huo. Upesi kwenye fomu, maana yake. Chuo kikaomba uthibitisho.

Nani anatoa cheti cha kifo kijijini wakati watu wanakimbia? Hapo ndipo wiki zilipoanza kwenda. Tulikusanya tulichokuwa nacho: karatasi za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zinazoonyesha aliandikishwa na nani, barua ya shirika lililompokea hapa, barua ya mshauri wa wanafunzi wa shule yake aliyemjua tangu anafika. Chuo kilizikubali. Kila moja ya karatasi hizo ilikuwa kwa mtu fulani mwenye shughuli zake, aliyehitaji kupigiwa, kukumbushwa, kushukuriwa, kukumbushwa tena. Tungeanza Januari, barua ya mwisho ingefika tarehe imeshapita.

Kesi ngumu zaidi ni ya kijana ambaye hajui kama wazazi wako hai. Huyo si yatima wa kwenye fomu, na hana wa kumwalika atoe idhini. Zamani wengi wa namna hii walikata tamaa kwenye ukurasa huohuo. Sheria iliyopitishwa Desemba 2020 ya kurahisisha FAFSA imetaja hali za pekee ambazo chuo kinaweza kuzitambua, na kuwa mkimbizi au mtu aliyepewa hifadhi kisheria ni mojawapo. Mwanafunzi anajibu kwamba ana hali ya pekee, anaruhusiwa kuendelea kwa muda kama anayejitegemea, kisha chuo kinapitia ushahidi na kuamua. Uamuzi ni wa chuo, kila chuo na utaratibu wake. Kwa hiyo kijana huyo akiomba vyuo vitano ana ofisi tano za kuongea nazo, na barua moja nzuri inayoeleza maisha yake ndiyo itakayomtetea kote huko. Naomba walimu wanaosoma hapa, mkiombwa barua ya namna hii, iandikeni wiki hiyohiyo. Hamjui ni kiasi gani inamaanisha.

Mwaka wa mdogo wangu ndio ule ambao kila mtu anaukumbuka. Fomu mpya ilifunguliwa 30 Desemba 2023 badala ya 1 Oktoba, tena mwanzoni ikawa inafunguka kwa vipindi vifupi na kufungwa. Kwa miezi ya mwanzo familia zenye mzazi asiye na namba ya Social Security zilikwama kabisa. Vyuo vilianza kupata taarifa za wanafunzi Machi 2024, wakati ambao miaka mingine barua za msaada zinakuwa zimeshatumwa. Vyuo vingi vikasogeza mbele siku ya mwanafunzi kuamua, kutoka 1 Mei kwenda 15 Mei au 1 Juni, vingine havikusogeza. Nyumbani kwetu tulikuwa na daftari lenye safu ya kila chuo, na kila tarehe iliyobadilishwa tuliandika nani katuambia na lini, kwa barua pepe au kwa simu. Akitwambia kwa simu, tulimwomba atuandikie. Hilo lilitusaidia sana, maana chuo kimoja baadaye kilidai tumechelewa, tukawatumia barua pepe yao wenyewe yenye tarehe mpya, na jambo likaisha hapo.

Niliona pia mwaka ule kwamba familia zilizokuwa na akaunti tayari tangu vuli ndizo zilizoingia mfumo ulipofunguka. Waliokuwa wakisubiri fomu ifunguliwe ndipo waanze, walianza na akaunti, na akaunti zikawakwamisha. Mwaka uliofuata fomu ilichelewa tena, ikafunguliwa kwa wote Novemba 2024. Desemba hiyo Marekani ikapata sheria inayotaka ifunguliwe kufikia 1 Oktoba kila mwaka, na ya 2026–27 ilikuwa wazi mwishoni mwa Septemba 2025. Kwa sasa kalenda imerudi mahali pake.

Baada ya kuwasilisha, wengi wanapumua. Wasipumue bado. Baadhi ya wanafunzi huchaguliwa kwa uhakiki: chuo kinataka kuthibitisha idadi ya watu wa nyumbani, mapato, wakati mwingine utambulisho. Ujumbe huo mara nyingi huwekwa kwenye ukurasa wa mwanafunzi wa tovuti ya chuo, na unapotumwa kwa barua pepe huenda kwenye anwani ambayo mtoto aliifungua kwa ajili ya maombi na hajaitazama tangu hapo. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anasubiri barua ya msaada, na chuo kilikuwa kinamsubiri yeye alete karatasi, kila upande umetulia. Mama yake ndiye aliyeshtuka, akanipigia: "Dada, wenzake wote wamepata, wa kwangu kimya." Tulifungua ukurasa wake pale pale jikoni. Alama nyekundu ilikuwepo, na tarehe yake ilikuwa Ijumaa ile. Alhamisi jioni karatasi zilikuwa zimeingia. Tangu hapo nawaambia wachague siku moja ya wiki, waseme Jumapili jioni, wapitie ukurasa wa kila chuo, hata kama hawatarajii chochote.

Liko pia suala la mapato ya zamani. FAFSA ya 2025–26 hutumia kodi za 2023. Katika miaka miwili mtu anaweza kupunguziwa saa, kuumwa, kufiwa na mwenzi, na fomu haioni hayo. Baba alipoondolewa kwenye zamu ya usiku, iliyokuwa na malipo ya ziada, tulijaza fomu kama ilivyotaka, kwa mapato ya zamani, kisha tukaiandikia ofisi ya msaada wa fedha kuomba wapitie upya. Tuliambatanisha barua ya mwajiri na hati za mshahara za miezi ya karibuni. Waliongeza ruzuku. Si kila chuo kitaongeza, lakini ofisi hizo zina mamlaka hayo kisheria, na familia nyingi hazijui kwamba zinaruhusiwa kuomba. Ombi hili nalo lina wakati wake hata kama hawajaandika tarehe: kadiri msimu unavyosonga ndivyo fungu linavyopungua.

Jambo moja linaniuma, nalisema wazi. Wapo watu wanaotoza familia zetu pesa kujaza FAFSA. Fomu hii ni ya bure, serikali haidai chochote, na msaada wa bure upo shuleni, maktaba za umma na vyuoni. Mbaya zaidi, baadhi yao hufungua akaunti kwa barua pepe zao na kubaki na neno la siri, kwa hiyo mwaka wa pili familia inalazimika kurudi kwao na kulipa tena. CSS Profile ndiyo yenye ada, na hiyo nayo ni bure kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye mapato ya familia yake hayazidi dola 100,000.

Kwa mtoto anayeanza mwaka wa mwisho wa sekondari sasa, mpangilio wangu ni huu. Kiangazi: maongezi na wazazi, barua pepe, akaunti, karatasi za majina. Septemba: skolashipu zinazotangulia FAFSA yenyewe, kama Gates Scholarship ambayo hufungwa 15 Septemba, na QuestBridge mwishoni mwa mwezi huo. Wiki ya kwanza ya Oktoba: FAFSA, na vyuo vyote viorodheshwe, hata vile ambavyo bado hajaamua, maana fomu sasa inapokea mpaka vyuo 20. Baada ya hapo ni kufuatilia tu.

Na kama unasoma hii Machi au Aprili na hujajaza chochote, jaza leo usiku. Pell bado ipo na mikopo ya wanafunzi ya serikali bado ipo. Majimbo mengine hayajafunga, na vyuo vya jamii hupokea wanafunzi mpaka karibu na masomo kuanza. Kesho asubuhi piga simu ofisi ya msaada wa fedha ya kila chuo, uulize mambo mawili: tarehe ya kipaumbele ilikuwa lini, na ni fedha gani bado hazijagawiwa. Andika jina la aliyekujibu. Kisha mwambie mzazi wako alete kadi yake ya Social Security na simu yake, mkae pamoja, na usisimame mezani mpaka uone ukurasa wa kuthibitisha kwamba fomu imepokelewa.